Matanga Bila Maiti

Ukitaka kuona watu wa Keshero, hapa Goma, wanavyojua kutoa, kufa kwanza. Yule aliyekunyima chumvi Jumatatu, Jumatano atakuletea gunia zima la makaa. Yule aliyeapa hana hata faranga mia tano za kununulia bidoni ya maji, atatoa noti ya dola kumi iliyokunjwa vizuri na kuiweka kwenye sahani mlangoni huku akijipangusa macho. Watakununulia sanduku lenye kioo juu, watachapisha sura yako kwenye tisheti, wataleta tarumbeta. Utazikwa kama mtoto wa gavana, ila wewe mwenyewe hutafaidi chochote.

Apolline aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipika. Nyumba zipatazo arobaini za Wakatoliki wa mtaa wao zilikuwa shirika moja, maana yake walisali pamoja kila wiki na kuzikana. Katika shirika hilo Apolline alikuwa mkubwa wa mama wapishi kwa miaka kumi na minne. Sufuria kubwa za msiba zililala kwake. Watu walipoziona zikitolewa uani kwake na kupakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, walijua kuna mtu kafa hata kabla ya kuambiwa jina.

Alikuwa Mnande wa upande wa Butembo, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Aliuza maharage sokoni. Mumewe Adalbert aliyaleta maharage hayo kwa lori kutoka Butembo, barabara ilipokuwa barabara. Nyumba yao ya kwanza ilifunikwa na lava ya volkano mwaka wa elfu mbili na mbili, wakajenga ya pili juu ya jiwe lile lile. Vita vilikuja vikaenda, vikabadilisha majina, vikarudi. Wao walikaa, kwa sababu ukitoka Goma unakwenda wapi? Walizaa watoto wawili, Prodige na Charline, na wote wawili walikuwa na miguu mirefu ya mama yao.

Prodige alikufa Novemba ya mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa na miaka kumi na sita. Alikuwa anakimbiza mpira pembeni mwa uwanja, hakuna mtu aliyemgusa, akaanguka kifudifudi kwenye vumbi jeusi. Wenzake walidhani anawachezea. Walipomgeuza, alikuwa amekwisha ondoka.

Sasa, katika mji wetu mtu hafi hivihivi. Anayekufa bila risasi na bila malaria amepewa karuho. Karuho ni sumu, na hakuna aliyewahi kuiona, lakini kila mtu ana shangazi aliyeuawa nayo. Ndiyo maana kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako. Ni adabu, na ni woga pia. Hata bibi anamwonjea mjukuu wake.

Asubuhi ile, kabla ya mechi, Prodige alikunywa uji wa mtama kwa Nyiramahirwe, mama aliyeuza uji kwenye kona, ng'ambo ya mlango wa Apolline. Nyiramahirwe alikuwa mtu wa Rutshuru, aliyekimbia vita vya elfu mbili kumi na mbili na binti yake Bénie mgongoni. Kwa miaka saba alikuwa akiuza uji pale pale, na nusu ya watoto wa mtaa walikua kwa uji wake. Lakini wiki ile Rutshuru ilikuwa imeshatekwa na waasi waliosemekana kutumwa na Rwanda, na barabara ya Butembo imefungwa. Watu walikuwa wakitazamana kwa majina, na jina la Kinyarwanda kama Nyiramahirwe peke yake lilitosha kuwa kesi.

Jioni, chini ya turubai la kilio, mama mmoja alimwuliza Apolline mtoto alikula nini siku hiyo. Apolline alijibu, "Alikunywa uji ya ule mama." Maneno matano tu, na kila neno lilikuwa la kweli. Kulikuwa na neno la sita ambalo hakulisema, na hilo tutalifikia.

Kabla chai haijapoa, vijana walikuwa wameshavunja kibanda cha uji. Ndoo ilipigwa teke, mawe yakanyesha juu ya bati la nyumba yake. Nyiramahirwe aliondoka na Bénie, godoro moja na sufuria moja, juu ya pikipiki moja, akaenda kulala kambini Mugunga chini ya hema la plastiki, pamoja na maelfu waliokuwa wakifika kutoka alikotoka yeye miaka kumi kabla. Hakuna aliyemsindikiza. Shirika lilikuwa na kazi ya kuchanga, na kwa siku mbili lilichanga dola mia nane. Sanduku lilikuwa na kioo. Adalbert alizunguka kupitia Uganda ili aje amzike mwanawe, akafika siku tatu baadaye, akakuta udongo umeshakauka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Charline alikuwa akipandisha bidoni ya maji kutoka ziwani Kituku. Akaanguka njiani, maji yakamwagika, akabaki amelala na midomo ya bluu kwa muda wa Salamu Maria mbili. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Apolline alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, akampeleka wapi? Kwa mganga wa karuho. Mganga alimnywesha majani machungu, mtoto akatapika siku mbili, kisha mganga akaonyesha kitu cheusi ndani ya beseni na kusema, "Imetoka." Apolline akalipa. Siku ya tisa Charline akaanguka tena, safari hii kwenye ngazi za kanisa.

Hapo ndipo walipokwenda kituo cha afya na kumkuta Dokta Gisèle, msichana wa Bukavu aliyekuwa na macho ya mtu asiyelala na ulimi usiobembeleza. Aliweka kifaa chake kifuani kwa Charline, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu.

"Mama, kwa familia yenu iko mutu mwenye alikufa gafula? Mwenye alikuwa angali kijana?"

"Kaka yake. Lakini ule walimupatia karuho."

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyemwambia Apolline. Yeye ndiye aliyewaambia wengine.

Dokta Gisèle aliwatuma Bukavu kwa meli, kwa daktari mwenzake mwenye mashine ya kupiga picha ya moyo, mashine ndogo unayoweza kuibeba begani kama begi la shule. Kule Apolline aliuona moyo wa binti yake ukipiga ndani ya kioo, na daktari akamweleza polepole. Nyama ya moyo ule ilikuwa imenenepa kupita kiasi, damu inapita kwa shida, na mtoto akikimbia au akibeba mzigo moyo unaweza kuchanganyikiwa na kusimama. Ni ugonjwa unaotembea katika damu ya ukoo. Charline angekunywa vidonge kila siku, asikimbie, asibebe maji, na akifanya hivyo angeweza kuzeeka.

"Na Prodige?" Apolline aliuliza Dokta Gisèle waliporudi Goma.

"Ule hatukumupima, sitakuapia. Lakini mutoto anaanguka mupirani bila kuguswa, na dada yake iko na moyo kama huu. Mama, unataka nikuambie nini?"

Watu husema huzuni ndiyo inayomlaza mtu kitandani. Apolline hakulala kitandani. Alirudi nyumbani na hasira iliyompanda toka kwenye visigino. Alimkasirikia mganga na beseni lake. Alilikasirikia shirika lililotafuta dola mia nane kwa ajili ya sanduku, wakati kwa fungu dogo la pesa hizo Prodige angeuona moyo wake kwenye kioo na kuacha mpira. Zaidi ya wote alimkasirikia mwanamke aliyesema maneno matano chini ya turubai, na mwanamke huyo alikuwa akila naye, akilala naye, akivaa nguo zake.

Dokta Gisèle alikuwa na wazo. Mwenzake wa Bukavu alikuwa tayari kuja na mashine yake kwa siku tatu na kuwapima vijana wote wa mtaa, mmoja mmoja. Hakutaka mshahara. Alitaka tu meli, chakula, mahali pa kulala, mafuta ya kuwashia jenereta, na fungu la kuanzishia dawa kwa wale watakaokutwa wagonjwa. Jumla ilikuwa pungufu ya bei ya sanduku la Prodige.

Apolline alilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa shirika. Prezida wa shirika alikuwa Papa Zihindula, karani mstaafu, mtu wa Bukavu aliyehamia Goma zamani, mwenye koti la kijivu hata jua likiwaka. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye kila msiba, na ndiye aliyekuwa akikumbusha watu masharti ya kilio. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mama Apolline, kasha ya shirika iko ya wafu na ya wagonjwa wenye banalala. Mutu mwenye anatembea na miguu yake, tutamutolea nini?"

"Mutoto yangu alikuwa anatembea na miguu yake. Alikuwa anakimbia."

"Mungu amupokee. Lakini kutafuta ugonjwa kwa mutoto muzima ni kuita kifo kwa nyumba. Hatutaita."

Watu wakatikisa vichwa kukubali, na mkutano ukafungwa kwa sala. Apolline hakuipokea sala hiyo. Kwa wiki tatu alipita mlango kwa mlango baada ya soko, miguu imejaa vumbi la mawe. Huyu alimwambia watasali. Yule alimwambia mwisho wa mwezi. Mwingine alimshauri aende kwenye mashirika ya wazungu, naye akaenda, akasimama kwenye geti moja lenye magari meupe, akaambiwa na kijana mpole kwamba programu yao ni kipindupindu, moyo haumo. Mtu anaweza kuchekwa na hasira yake mwenyewe. Baada ya wiki tatu alikuwa amepata pesa za kuileta mashine mpaka katikati ya ziwa, labda.

Kisha akafa mzee mmoja wa shirika, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyekuwa ameshachoka hata kuitwa jina. Sufuria zilitolewa kwa Apolline kama kawaida. Alikaa nyuma ya moto akigeuza ugali wa watu mia mbili, na kutoka hapo aliiona sahani mlangoni ikijaa. Waliosema watasali waliweka dola ishirini. Wa mwisho wa mwezi aliweka hamsini, na mwezi ulikuwa bado tarehe nane. Papa Zihindula alisimama akakumbusha lile sharti ambalo kila mtu analijua: kilichowekwa kwenye sahani ya kilio hakirudi mfukoni. Anayekitoa anabeba kifo mkononi na kukipeleka kwake. Hakuna aliyewahi kujaribu.

Apolline aliusikia mwiko ule aliousikia mara mia, na mwiko wa kugeuzia ugali ukasimama ndani ya sufuria.

Alimwambia mumewe kwa simu. Adalbert alikuwa Butembo, amekwama na maharage yake.

"Batakuchukia," alisema Adalbert.

"Banichukie."

"Basi weka turubai kubwa."

Jumamosi iliyofuata, saa mbili asubuhi, Apolline alitoa sufuria zote uani na kuzipanga barabarani, kitu ambacho hakijawahi kumaanisha jambo jingine. Alifunga turubai. Alikodi viti vya plastiki. Aliwasha moto wa magogo, akatandika mkeka, akaweka sahani nyeupe mlangoni juu ya kigoda. Kisha akakaa mkekani, akajifunga kitenge kiunoni, akangoja.

Hawakuchelewa. Saa tatu viti vilikuwa vimejaa. Mama waliingia wakilia toka barabarani, mikono kichwani, wakimlilia Charline kwa jina, maana walijua habari ya midomo ya bluu. Kila mmoja alipita kwenye sahani. Noti zilirundikana mpaka wakaweka jiwe juu yake zisipeperuke. Papa Zihindula alifika na koti lake, akaweka bahasha, akaketi mbele kabisa.

Ndipo Charline akatoka ndani na birika la chai.

Mama mmoja alianguka kitini. Wengine walisimama, wengine wakapiga ishara ya msalaba. Kelele zilipopungua, Papa Zihindula aliuliza kwa sauti ya ofisini, "Mama Apolline, ni nani amekufa?"

Apolline alisimama. Alikuwa amejiambia atasema kwa upole, lakini alipoziona zile noti chini ya jiwe upole ulimkimbia.

"Hakuna mwenye amekufa bado. Iko mumoja kati ya batoto benu, simujui. Wiki tatu nilipita kwenu, mukaniambia hamuna feza. Leo munayo. Mulikuja mbio, hata hamukuuliza ni nani. Hii ni feza ya matanga ya ule mutoto. Mumeileta mbele. Tutamutafuta akiwa muzima, na feza hii itamupima, na hamutakuja kumulilia hapa."

"Hii ni wizi," Papa Zihindula alisema.

"Basi chukua yako, muzee. Iko palepale."

Papa Zihindula alinyanyuka. Aliifikia sahani, akanyoosha mkono, na watu wote wakautazama mkono ule. Ulibaki hewani. Yeye ndiye aliyewakumbusha mwiko ule, na wiki moja tu ilikuwa imepita. Vidole vilijikunja, akavirudisha mfukoni mwa koti vikiwa vitupu. Hakuna mwingine aliyejaribu.

Lakini mtu akishindwa kwa mkono hujaribu kwa mdomo. "Feza zinaweza kubaki," alisema, "lakini mutoto wangu hatakwenda kwa mashine yako. Unatudanganya. Prodige haikuwa moyo. Walimupatia karuho, na ni wewe ulisema, hapahapa."

Minong'ono ikapita kwenye viti. Kweli, alisema. Tulikuwepo. Apolline aliwaona wakianza kutazamana, na alielewa kwamba mashine inaweza kuja kwa meli, ikafunguliwa, ikawashwa, ikakaa siku tatu mbele ya madawati matupu. Pesa alikuwa nazo. Watoto hakuwa nao. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio alikuwa amekiandaa mwenyewe, kwa turubai kubwa.

"Nilisema alikunywa uji ya ule mama," alisema. "Sikusema ingine. Sasa ninasema ingine. Ile asubuhi nilikuwa kwa mulango, niko nachambua maharage. Nilimuona Nyiramahirwe anachota uji. Akaonja. Akameza. Akangojea kidogo, akamupatia mutoto wangu kikombe kilekile. Nilimuona na macho yangu haya. Na jioni mulipovunja kibanda yake, nilinyamaza."

"Juu ya nini?" aliuliza mama mmoja, mpishi mwenzake wa miaka yote.

"Juu nilitaka mutu wa kuchukia, na yeye alikuwa karibu."

Mpishi yule alitema mate chini, akachukua kitenge chake, akaondoka. Wengine walimfuata. Vijana wawili waliokuwa wamerusha mawe siku ile walitazama viatu vyao, kisha mmoja akapiga kelele kwamba wao walitumwa, ni mama ndiye aliyewatuma. Apolline hakubisha. Wiki hiyo hiyo shirika lilimnyang'anya sufuria na kumpa mtu mwingine. Tangu hapo hakuna aliyemwita kupika kwenye msiba wowote, na wengine hawakununua tena maharage yake. Aliyaona haya yote kuwa haki, na bado yalimuuma.

Lakini pesa zilibaki kwenye sahani. Na mzazi ni mzazi. Unaweza kumchukia mtu aliyekuambia ukweli na bado usilale. Siku nne baadaye mama wa kwanza alikuja kwa Dokta Gisèle kuandikisha watoto wake, akapita mlango wa Apolline bila kumsalimu.

Apolline alikwenda Mugunga kwa pikipiki, akauliza hema kwa hema. Alimkuta Nyiramahirwe akichochea uji kwenye mawe matatu, mwembamba kuliko zamani. Bénie alikuwa ameketi pembeni, amekuwa msichana. Apolline alisimama, maana hakukaribishwa kuketi, akasema yote, toka maharage mpaka meli. Nyiramahirwe hakuacha kuchochea.

"Ulichukua miezi munane," alisema.

"Ndiyo."

"Miezi munane mutoto wangu iko nalala mu matope, na wewe ulijua."

"Nilijua."

Uji ulichemka, akauteremsha. "Ile mashine iko ya batoto bote, ao iko ya batoto ba shirika?"

"Ya bote."

"Enda basi," alisema Nyiramahirwe, akampa mgongo.

Mashine ilifika mwezi wa nane. Iliwekwa katika darasa moja la shule ya parokia, jenereta ikinguruma nje. Kwa siku tatu vijana walipanga foleni mpaka kwenye geti, wakiitana majina, wakiogopa kuvua mashati. Walipimwa mia mbili na zaidi. Mtoto wa Papa Zihindula alipimwa siku ya pili, akakutwa mzima kabisa, na baba yake akatoka akisema kwa sauti, "Si niliwaambia?" Ilibidi Apolline ashike mlango ili asimfuate. Siku hiyo hiyo alikutwa kijana mmoja msukuma chukudu, anayebeba makaa kilo mia nne kwenye miteremko, na moyo wake ulikuwa kama wa Charline. Kabla yake, asubuhi, alikuwa amekutwa msichana wa kwaya mwenye kidonda ndani ya moyo, ambaye alikuwa akisema tu kwamba anachoka. Watoto wawili. Dokta Gisèle aliwaandikia dawa na kuwafokea mpaka wakalia. Hakuna aliyeleta tarumbeta.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, Nyiramahirwe aliingia getini akimshika Bénie mkono, na kichwani alikuwa na ndoo ya uji iliyofunikwa kwa kitambaa. Foleni iligeuka kumtazama. Walimjua wote. Alimpeleka binti yake ndani, akangoja, akatoka naye akiwa na karatasi: moyo ni mzima. Kisha akaitua ndoo kivulini karibu na ukuta, akapanga vikombe vitano, akakaa. Kulikuwa na watu themanini wenye njaa mbele yake, na hakuna aliyesogea.

Apolline alitoka mlangoni alikokuwa akiita majina, akavuka uwanja peke yake.

"Nipatie kikombe moja."

Nyiramahirwe alichota uji, akainua kikombe kwenye midomo yake mwenyewe. Apolline akamshika mkono.

"Usionje. Siyo kwangu."

"Toa mukono," alisema Nyiramahirwe. "Siko naonja juu yako, ni juu ya bale." Akaonja. Akameza. Alingoja kidogo, akitazama foleni nzima, kichwa hadi mkia, na walio nyuma wakanyoosha shingo. Kikombe hakukitoa.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona," Apolline alisema.

"Ile siku pia uliona. Sema kwa nguvu. Bale ba kwa geti habakusikia."

Apolline aligeuka. Shirika lilikuwa pale, mama wapishi walikuwa pale, vijana wa mawe walikuwa pale wameshika mashati yao mkononi, na Charline alikuwa amesimama kwenye mlango wa darasa.

"Nilimuona akionja," alisema, kwa sauti iliyoushinda mngurumo wa jenereta. "Ile siku. Nilimuona."

Nyiramahirwe akampa kikombe, na kwa mkono wa pili akadai mia tano yake.